Vidonge vinne vya 150 si kidonge kimoja cha 600

Kidonge kipya cha kichocho cha watoto kikifika kwenye zahanati za kandokando ya Ziwa Viktoria, kosa la kwanza litakuwa la hesabu ya darasa la tatu. Mhudumu amezoea prazikwanteli ya miligramu 600, ile ndefu yenye mistari ya kukatia robo. Sasa anashika kidonge kidogo cha miligramu 150. Robo ya 600 ni 150, kwa hiyo atajiambia hiki ni robo ya kile. Hapana.

Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa pacha wawili. Atomi zao ni zilezile, ila wamepishana kama kiganja cha kulia na cha kushoto. Pacha mmoja ndiye anayeua minyoo. Mwenzake karibu hana kazi, na sehemu kubwa ya ule uchungu unaomfanya mtoto ateme ni yake. Arprazikwanteli, yaani hiki kidonge kipya, ina pacha mwenye kazi peke yake. Robo ya 600 ina miligramu 75 za dawa inayoua minyoo. Kidonge kipya kimoja kina 150 kamili.

Mchukue mtoto wa kilo 12. Kwa dawa ya zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ni 480, na kwa vitendo mhudumu anampa robo tatu, yaani 450, ambazo nusu yake tu ndiyo dawa yenye kazi: 225. Kwa dawa mpya, kiwango kilichotumika kwenye majaribio ya mwisho kwa kichocho cha tumbo kilikuwa miligramu 50 kwa kilo. Hapo ni 600, vidonge vinne, na vyote ni dawa yenye kazi. Kwa kichocho cha mkojo walipanda hadi 60. Viwango hivi vilitafutwa kwa kupima kwa watoto wenyewe, hatua kwa hatua. Hakuna aliyekaa na kugawanya dozi ya zamani kwa mbili. Kwa hiyo fimbo ya urefu inayotumika shuleni kukadiria dozi wakati wa kingatiba isiguse kidonge hiki. Kinataka mizani, na jedwali lake lenyewe la uzito.

Historia yake ni fupi. Muungano wa kutengeneza dawa hii uliundwa mwaka 2012, majaribio ya mwisho yakafanyika Kenya na Côte d'Ivoire, mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali Desemba 2023, na Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha kwa ubora Mei 2024. Inalenga watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita, kuanzia kilo tano. Umri huo ndio kingatiba ya shule ya msingi ilikuwa inauruka, na huku kwetu mtoto haanzi kukutana na ziwa siku anayoandikishwa darasa la kwanza. Anaogeshwa beseni la maji yaliyotekwa asubuhi hiyohiyo, au anawekwa kwenye maji ya magotini mama akifua. Mwaka 2022 miongozo ya dunia ilishusha umri wa kingatiba hadi miaka miwili, lakini kidonge kilichokuwepo kilikuwa kilekile kikubwa, cha kusagwa kwa kijiko na kuchanganywa na juisi.

Kutoa si kazi ngumu. Pima mtoto bila viatu wala khanga ya kubebea. Hesabu vidonge kwa jedwali. Viyeyushe kwenye maji kidogo ya kunywa, koroga, mnyweshe yote, kisha suuza kikombe kwa maji machache umnyweshe na hayo, maana dawa inayobaki chini ya kikombe ni dozi iliyopungua. Mtoto awe amekula. Prazikwanteli inaingia vizuri zaidi kwenye damu tumboni mkiwa na chakula, na kizunguzungu hupungua. Akae mbele yako kwa muda, kwa sababu anayetapika papo hapo hajatibiwa.

Maswali mawili kwa mzazi kabla hujafungua kopo. Je, mtoto yuko kwenye dawa za kifua kikuu au za kifafa? Rifampisini inaishusha prazikwanteli kwenye damu hadi isifae kitu, na baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na kabamazepini, hufanya hivyohivyo. La pili: amewahi kupata degedege lisiloelezeka, na wanaishi panapofugwa nguruwe wa kuzurura? Viluwiluwi vya tegu wakiwa kwenye ubongo, dawa hii inaweza kuwachokoza na kuleta degedege jipya. Huyo aonwe na daktari kwanza.

Halafu kuna lawama ambayo dawa hii imeibeba kwa miaka mingi bila haki: "Tulimeza, baada ya miezi miwili kipimo kikarudi na mayai, dawa ni feki." Mwaka 2019 maabara ya Jonathan Marchant huko Marekani ilionyesha mlango ambao prazikwanteli inaufungua kwenye mwili wa mnyoo: kalisi inamiminika ndani, misuli inakakamaa, ngozi ya mnyoo inachanika, na kinga ya mwili inammalizia. Mnyoo mkubwa hafiki mbali. Mnyoo mchanga, wa wiki mbili hadi nne tangu apenye ngozi, anapita salama. Mtoto aliyeingia ziwani wiki tatu kabla ya kumeza dawa anabaki na kundi zima la wachanga, nao wakishakomaa wanaanza kutaga.

Ndiyo maana siku ya kupima ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ukitaka kujua kama dawa imefanya kazi, rudia kipimo kati ya siku ya 14 na ya 21. Ukisubiri wiki nane unapima kitu kingine: wachanga waliokua, pamoja na maambukizi mapya. Mayai yakiwa yamepungua kwa asilimia 90 au zaidi, dawa imefanya kazi yake, hata kama slaidi moja bado inaonyesha yai lenye mwiba ubavuni.

Slaidi yenyewe nayo ina mitego. Kibao cha Kato-Katz, ile njia ya kuhesabu mayai kwenye choo kwa hadubini, kinabeba miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo kila yai unaloona unazidisha kwa 24. Mayai 100 kwa gramu ndipo maambukizi yanapoanza kuitwa ya kati, na 400 ndipo yanapoitwa makali. Ukiangalia hesabu hiyo, mtoto mwenye yai moja kwenye slaidi ana 24 kwa gramu, na mwenye mayai machache kuliko hapo anaweza kuonekana hana kabisa. Soma slaidi mbili za choo kimoja, na ukiweza, choo cha siku nyingine pia. Kile kipimo cha mkojo cha mstari, kinachosomwa baada ya dakika 20, kinakamata wengi wa namna hiyo kwa kichocho cha tumbo. Kwa kichocho cha mkojo hakikusaidii. Huko chuja mililita 10 za mkojo uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Sasa tuache dawa, tumtafute konokono anayeeneza minyoo hii, tukianzia angani. Siku hizi nasikia mara kwa mara kwamba setilaiti "zinaona kichocho". Haziwezi. Zinachoona ni magugu maji, na magugu maji ni mojawapo ya makazi ya konokono wa kichocho cha tumbo. Tofauti hiyo si ndogo.

Sentinel-2, jozi ya setilaiti za Ulaya ambazo picha zake ni za bure, hupita juu ya Ghuba la Mwanza kila baada ya siku tano, karibu saa tano asubuhi. Kwenye mwanga wa kawaida na wa infraredi ya karibu, kila pikseli ni mita 10 kwa 10. Jani bichi hung'aa sana kwenye mwanga wa infraredi ya karibu na kumeza mwanga mwekundu, maji safi yanameza infraredi, kwa hiyo uwiano wa hizo mbili unachora magugu vizuri. Ila mwani mzito wa kijani nao unachora vivyohivyo. Kuwatenganisha, tazama mkanda wa mawimbi ya nanomita 1610, ambao pikseli zake ni za mita 20: mwani ulio ndani ya maji unabaki mweusi, jani lililosimama juu ya maji linang'aa.

Masika mawingu yanaficha kila kitu, na hapo unahamia Sentinel-1, ambayo ni rada na haijali wingu wala giza. Maji tulivu huonekana meusi, magugu meupe. Upepo ukivuruga maji, nayo yanapauka, na asiyejua atachora kisiwa cha magugu mahali penye mawimbi matupu.

Tatizo kubwa zaidi ni upepo huohuo. Mchana unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kisiwa cha magugu ulichokiona saa tano kati ya Kigongo na Busisi, jioni huenda kimesukumwa kwenye mwalo mwingine kabisa. Wavuvi wanalijua hilo bila setilaiti. Tena ule ukanda wa matete na magugu wa mita tatu pembezoni, ambako akina mama wanatekea maji, ni mwembamba kuliko pikseli. Unachanganyika na mchanga na nyasi, haupo kwenye ramani.

Picha ya angani ninaitumia kuamua pa kwenda kuchota, basi. Kwenye mwalo wenyewe unahitaji glavu ndefu, buti za mpira, chujio la wavu lenye mpini na muda sawa kwa kila eneo, tuseme dakika 15, la sivyo hesabu za maeneo hazilinganishiki. Kila konokono anawekwa kwenye chupa yake ndogo ya kioo yenye maji yasiyo na klorini, maana ya bomba yanaua unachokitafuta. Weka chupa kwenye mwanga kuanzia saa nne. Kufikia saa nane, konokono mwenye maambukizi atakuwa ametoa vumbi jeupe linalocheza kwenye maji, yaani mabuu ya minyoo, na chini ya hadubini kila chembe ina mkia uliogawanyika ncha mbili. Mkia usiogawanyika ni wa mnyoo mwingine. Na mkia wa ncha mbili peke yake hautoshi, kwa kuwa minyoo ya ndege na ya wanyama nayo ina wa aina hiyo. Ya binadamu inathibitishwa kwa kipimo cha vinasaba.

Konokono asiyetoa kitu siku hiyo usimtupe. Tangu aambukizwe hadi aanze kutoa hupita wiki nne au zaidi, kwa hiyo mweke, mlishe letasi iliyooshwa, mpime tena wiki inayofuata.