Bunduki Hazikuja Bagamoyo na Wajerumani

Wageni wanaotembelea Bagamoyo bado huambiwa kwamba mwaka 1888, watu wa pwani walipoinuka pamoja na Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Kijerumani, walikuwa na mikuki na mishale tu. Sivyo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, bunduki na baruti zilikuwa bidhaa ya kawaida iliyovushwa kutoka Unguja na kupandishwa bara na misafara iliyorudi na pembe za ndovu. Na kila majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, nyingi kati ya zile kuukuu ziliuzwa huku, biashara ambayo mtu akiiita ya chakavu hatakuwa amekosea. Semboja, mtawala wa Mazinde kule Usambara, alijijengea nguvu kwa silaha hizo hizo.

Kilichotofautiana ni ubora: mwaka 1889 Hermann Wissmann, kamanda wa Kijerumani aliyetumwa kuuzima upinzani huo, alikuja na mizinga na askari wenye bunduki za kisasa. Mwaka uliofuata, Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume, yaani bunduki za kizamani zinazowashwa kwa jiwe la cheche, na baruti duni ziliachiwa nafasi.