Kulala kwenye kambi ya manamba Tanga: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ni jumba la bwana shamba." Wageni wengi wakisikia nyumba ya kulala wageni kwenye shamba la mkonge, wanangoja baraza pana na dari ya juu. Hilo ni jumba la meneja. Kambi ni safu ndefu chini ya paa moja, vyumba vidogo vimepangana, kila kimoja na mlango wake wa nje. Humo walilala manamba, vibarua wa mkataba kutoka Kigoma, Songea hata Urundi, walioandikwa kwa namba. Udogo wa chumba ndio historia yenyewe, usiulalamikie. Ukarabati mzuri huunganisha vyumba viwili kuwa kimoja chenye choo ndani. Uliza hilo kabla ya kulipa, maana vyoo vya kambi vilikuwa vya pamoja, nje.

"Ni ya Wajerumani, na sheria inailinda." Mkonge uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ila mashamba yaliendelea kujenga kambi enzi zote za Waingereza. Na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Kambi ya mkonge haiwezi kufikia umri huo; lazima itangazwe rasmi.

"Ukuta ukitota, piga lipu ya saruji." Hapa ndipo nyumba nyingi zinapouawa. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa nje kama mvuke. Saruji huyaziba, yakapanda juu zaidi, chumvi ikaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka imeguke. Masika yakiisha, bandua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, uache ukuta ukauke kwa miezi. Kisha changanya chokaa ndoo moja kwa mchanga wa mto ndoo tatu. Mchanga wa pwani una chumvi, usiuguse. Piga tabaka nyembamba, kila moja kama sentimita moja, na uzinyunyizie maji siku kadhaa zisipasuke. Malizia kwa chokaa, si rangi ya mafuta.

Mgeni naye agonge ukuta karibu na sakafu kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe tupu, lipu imeachia. Omba chumba kingine.

"Bati ni joto tu." Bila dari, ndiyo. Likiwa na dari na matundu ya hewa chini ya paa, yenye wavu wa kuzuia popo, usiku hulalika vizuri. Chandarua bado ni lazima.