Krismasi haimo katika Walawi 23. Je, tuiache?

Kila Desemba swali hili huzuka upya hapa Dodoma, kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya na chini ya miti baada ya ibada: sikukuu ambayo Biblia haikuiagiza, wala haimo katika orodha ya sikukuu za Bwana ya Walawi 23, Mkristo aishike kwa mamlaka ya nani? Ni swali zuri, wala halijibiwi kwa kusema "ndivyo tulivyowakuta wazee". Jibu langu ni kwamba siku isiyoandikwa inaweza kushikwa kwa dhamiri safi, mradi isigeuzwe kuwa amri. Hilo la pili ndilo linalotushinda.

Kwanza tuziondoe hoja mbili dhaifu. Yeremia 10:3-4 husomwa kana kwamba nabii aliuona mti wa Krismasi ukipambwa kwa fedha na dhahabu. Endelea mpaka mstari wa 5: kitu hicho hakisemi, na lazima kibebwe kwa kuwa hakiwezi kutembea. Anayezungumziwa pale ni fundi anayechonga sanamu. Hoja ya pili ni kwamba tarehe 25 Desemba ilichukuliwa kwa mungu jua wa Warumi. Kaisari Aurelian alimjengea jua hekalu Roma mwaka 274, hilo ni kweli. Lakini sherehe ya jua ya tarehe 25 na kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25, vyote viwili tunavikuta katika mkusanyo uleule wa kalenda za Roma wa mwaka 354. Kwa ushahidi wa namna hiyo huwezi kuapa kwamba Wakristo ndio walioiga. Siku yenyewe aliyozaliwa Bwana, Injili haziitaji.

Hoja yenye uzito ni ya Kumbukumbu la Torati 12:32, usiongeze wala usipunguze, na mfano wake ni Yeroboamu, mfalme wa Israeli ya kaskazini. Torati iliweka Sikukuu ya Vibanda siku ya 15 ya mwezi wa saba. Yeye akaweka ya kwake siku ya 15 ya mwezi wa nane, na 1 Wafalme 12:33 inasisitiza kwamba mwezi huo aliubuni moyoni mwake. Wengi hufunga Biblia hapo. Tazama alichofanya: aliisukuma pembeni sikukuu ya Mungu, akaiweka yake mbele ya ndama wa dhahabu, ili watu wasipande kwenda Yerusalemu.

Sasa mweke Yeroboamu karibu na Mordekai, Myahudi wa kitabu cha Esta. Purimu, sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kuokolewa kwao, tarehe 14 na 15 za mwezi wa Adari, haimo katika Torati. Ilianzishwa kwa barua (Esta 9:20-22), na ndani ya barua hiyo kuna agizo la kuwapa maskini zawadi. Sikukuu ya Kutabaruku ni changa zaidi, ya mwaka 164 hivi kabla ya Kristo, kiongozi wa Wayahudi Yuda Makabayo alipolitakasa hekalu. Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea katika ukumbi wa Sulemani siku hizo, wakati wa baridi. Sitaivuta aya hiyo kupita kiasi: Yohana hasemi Yesu aliadhimisha. Ila yeye aliyewakemea Mafarisayo kwa mapokeo ya kunawa mikono, kuhusu siku hii hakukemea. Na watu walipouliza juu ya mfungo wa mwezi wa tano, ambao Musa hakuuagiza, Mungu katika Zekaria 7:5 hakuwauliza nani aliuanzisha. Aliuliza kama walimfungia yeye.

Paulo ndiye anayelifungua fundo. Kwa Warumi anaandika: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe" (14:5). Kwa Wagalatia, juu ya kushika siku hizohizo, anasema anawahofia (4:10-11). Je, anajipinga? Hapana. Wagalatia walikuwa wameambiwa kwamba bila mambo hayo imani yao ina upungufu. Siku ilipofanywa sharti, ikawa kongwa. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 15, limesimama papo hapo: sikukuu zinazoleta amani na utaratibu zishikwe, lakini dhamiri zisilemezwe kana kwamba wokovu unazitegemea. Kongwa hilo huweza kutoka upande wa pili pia. Mwaka 1659 koloni la Massachusetts huko Amerika liliweka faini ya shilingi tano kwa atakayeadhimisha Krismasi, na sheria hiyo ikadumu hadi 1681. Kwa hiyo Msabato asiyeihesabu Krismasi kuwa siku takatifu asisutwe, naye asimsute Mwanglikana.

Mambo huharibikia kwenye kalenda na bahasha. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Krismasi basi huangukia wakati wa kupanda, ghala likiwa limepungua. Ukimtangazia mkulima mchango wa lazima na sare mpya ya kwaya mwezi huo, atakachouza ni debe la uwele alilotenga kwa mbegu, na Juni hatakuwa na cha kuvuna. Kamati ya sikukuu imalize michango ya Krismasi ifikapo Agosti, au isichangishe kabisa.

Sikukuu ya Mavuno nayo haina amri katika Agano Jipya. Sura yake ya Kianglikana tuliyorithi huhusishwa na Robert Hawker, kasisi wa Morwenstow huko Uingereza, aliyefanya ibada hiyo Oktoba 1843, kwa kuwa kwao nafaka huiva kuelekea majira hayo. Kwetu mtama na uwele huingia kati ya Mei na Julai. Hakuna sababu ya kuisubiri Oktoba ya wengine.

Kosa kubwa hapo ni kupanga kiwango kwa kila kaya, kisha kusoma majina ya wasiotimiza mbele ya madhabahu. Kumbukumbu la Torati 16:10 inasema kila mtu atoe kadiri alivyobarikiwa. Mwaka wa ukame kadiri hiyo inaweza kuwa kibaba kimoja. Na mnada baada ya ibada usiwe uwanja wa matajiri kushindana kununua jogoo mmoja mara sita huku mjane akitazama. Kabla ya mnada kuanza, wazee watenge kwanza fungu la mjane, yatima na mgeni, waliotajwa kwa majina yao hayo katika mstari wa 11.

Tangazo mliandike hivi: "Ibada ya shukrani ya mavuno ni Jumapili ya pili ya Julai. Mwenye kitu alete alichojaliwa. Asiye na kitu aje, atakula pamoja nasi."