Siasa ya kila siku ni nini?

Kwetu Zanzibar ukitaja siasa, watu hufikiria vyama, bendera na uchaguzi. Siasa ya kila siku inaanzia chini zaidi ya hapo. Ni mvutano wa nani avae nini, akae wapi na aseme nini mbele ya nani. Utamaduni ndio unaopanga lipi heshima na lipi aibu, na sanaa ama huulinda mpango huo ama huuvunja.

Mfano wa kanga ndio ninaoupenda kuliko yote. Zama za utumwa, mtumwa mwanamke alivaa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na pambo, na ukimuona tu ulijua daraja lake. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa kisheria Unguja na Pemba. Wengi wakaachana na kaniki wakajifunga kanga za rangi, wakajitanda vichwani na mabegani, jambo ambalo zamani lilikuwa la waungwana. Hakuna aliyepanda jukwaani kuhutubia. Lakini kila aliyetoka na doti yake kwenda sokoni alikuwa akidai hadhi mbele ya macho ya watu, na kwangu mimi hiyo ni siasa nzito kuliko matamko mengi.

Baadaye kanga ikapata jina, yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo. Mwanamke ambaye adabu inamkataza kugombana na wifi yake hadharani huianika kanga yake kwenye kamba inayoelekea dirisha la wifi. Ujumbe umefika, na akiulizwa atajibu kwamba kanunua nguo tu.

Taarab nayo ilianzia kwenye kasri la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akenda Bombay kurikodi santuri. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Watu wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja walikokaa wanyonge, hawakuwa na pa kuikosoa mahakama ya kikoloni, ila wimbo ule waliuimba.

Si kila kanga ni siasa, wala si kila wimbo. Nyingine ni pambo na starehe, na ni haki yake mtu kustarehe. Ukitaka kuijua iliyo siasa, tazama tu nani anakereka, au nani ghafla anaona haja ya kukataza.

Vyama vyenyewe vinalijua hili. Wakati wa kampeni huchapisha kanga zenye rangi zao na kuwagawia kina mama, kwa sababu kanga huingia jikoni, msibani na chumba cha mzazi, mahali ambapo mgombea mwenyewe hawezi kupiga hodi.