Matabaka yakiachana: yanayoaminiwa kuhusu uigaji wa kompyuta, na ukweli wake

Boti ya faiba iliyoegeshwa Msasani na Boeing 787 ya Air Tanzania, iliyotua Dar kwa mara ya kwanza Julai 2018, bei zao hazikaribiani hata kidogo. Ila ugonjwa wao ni mmoja. Zote zimejengwa kwa matabaka ya nyuzi yaliyoshikwa na gundi (kwenye 787 ni karibu nusu ya uzito wa ndege), na matabaka hayo huweza kuachana. Vijana wa uhandisi wanaojifunza kuiga jambo hili kwenye kompyuta huja na imani zao, na nyingine wamezitoa kwa watu wazima wenye vyeti.

"Kama nje hakuna ufa, ndani pako salama." Spana ikidondokea bamba la nyuzi za kaboni, juu huenda isibaki hata alama. Ndani, gundi imeshapasuka, na eneo lililoachana mara nyingi hupanuka kadiri unavyoelekea upande wa pili. Ukilivuta bamba hilo, bado lina nguvu. Ukiliminya, matabaka yaliyoachana yanajipinda kila moja kivyake na bamba linashindwa mapema. Ndiyo maana mafundi wa ndege hugongagonga kwa sarafu wakisikiliza mlio, kisha huhakikisha kwa vipimo vya mawimbi ya sauti. Fundi wa boti anayegonga kwa kidole na kusema "hapa pana uwazi" hayuko mbali na sayansi.

"Kompyuta itaonyesha yenyewe patakapoachana." Haitaonyesha. Modeli ya kawaida inachukulia kwamba matabaka yameshikana milele. Ukitaka yaachane, ni wewe unayepachika kati yake elementi za gundi (vipande vidogo vya hesabu vinavyowakilisha gundi) na kuzipa sheria: zivumilie mvutano hadi kiwango fulani, zilegee taratibu, na nishati iliyotumika ikifika kikomo ziachie. Wazo hili lina mizizi kwa watafiti wa ufa Dugdale (1960) na Barenblatt (1962). Usipozipachika kati ya tabaka la tatu na la nne, hapo hapataachana hata uangushe nyundo ya kilo 50. Picha itatoka safi na itakudanganya. Anza pale mwelekeo wa nyuzi unapobadilika, kwa sababu bamba likigongwa, huko ndiko matabaka huachana.

"Palipo pekundu ndipo patakapovunjika." Nyekundu ni rangi ambayo picha ya kompyuta huweka penye mkazo (nguvu kwa eneo) mkubwa zaidi. Imani hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Kwenye ncha ya ufa, hesabu ya kawaida ya unyumbufu inasema mkazo hauna kikomo. Gawa wavu (vipande ambavyo bamba limekatiwa ili kompyuta ilihesabu) uwe na vipande vidogo zaidi, namba inapanda. Gawa tena, inapanda tena. Anayesoma megapaskali (kipimo cha mkazo) za hapo anasoma ukubwa wa vipande vyake mwenyewe. Cha kutazama ni nishati inayoachiliwa ufa unaposogea. Kwa kaboni na epoksi (gundi yake) ya kawaida, ufa wa kufunguka, matabaka yakivutwa yatengane, hutaka jouli 200 hadi 300 hivi kwa kila mita ya mraba. Wa kuteleza, tabaka moja likisukumwa juu ya jingine, hutaka mara kadhaa zaidi. Hata elementi za gundi zina masharti: eneo linalolegea mbele ya ufa mara nyingi ni la milimita moja hivi, na ndani yake zinatakiwa kukaa elementi 3 au zaidi. Ukiweka vipande vya milimita 5, utapata bamba lenye nguvu kuliko la kweli.

"Namba za katalogi zinatosha." Zinalitosha bamba la katalogi, lililoivishwa kwa joto na shinikizo lililopimwa. Faiba iliyopakwa kwa brashi na rola katika unyevu wa Dar, tabaka la leo juu ya lililokauka wiki iliyopita bila kupigwa msasa, haina jouli hizo. Pima. Kipande chembamba huwekewa utando wa plastiki katikati wakati wa kutengenezwa, ili ufa uwe na pa kuanzia. Unabandika bawaba mbili mwishoni na kuvuta, moja juu, moja chini. Ubavuni unapaka ule wino mweupe wa ofisini wa kufutia makosa, na juu yake mistari ya penseli kila milimita, jicho liuone ufa ukitambaa. Utaratibu wote umeelezwa kwenye kiwango D5528 cha ASTM, shirika la viwango la Marekani. Angalia kitu kimoja: ufa ukishatembea, baadhi ya nyuzi hubaki zimevuka upande hadi upande na kuushikilia, na namba ya nishati inapanda. Chukua ya mwanzo. Nyuzi za kipande cha majaribio zote zinaelekea upande mmoja. Kwenye boti huenda msaada huo usiwepo.

"Bila programu ya mamilioni huwezi." Programu ya Code_Aster ya EDF, shirika la umeme la Ufaransa, ni ya bure na elementi hizo inazo. Kipande cha majaribio kilichochorwa kwa urefu na kimo tu, bila upana, kinahesabika kwenye laptop ya kawaida. Kuna wakati hesabu itagoma katikati, hasa gundi inapoanza kulegea, na hapo wengi hukimbilia kutafuta kompyuta kubwa. Punguza ukubwa wa hatua za kuvuta, na badala ya kuongeza nguvu, ongeza umbali wa kuvuta.