Kifafa cha Mimba Huweza Kuanza Mtoto Akiwa Amekwisha Kuzaliwa

Katika wodi ya wazazi, ndugu waliomleta mgonjwa aliyepata degedege siku ya nne au ya tano baada ya kujifungua hutuuliza: inawezekanaje kiwe kifafa cha mimba ilhali mimba haipo tena? Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa jina lenyewe linapotosha mara mbili. Ugonjwa huu si kile kifafa cha kawaida, wala haukomi siku mimba inapokoma.

Chanzo chake ni kondo la nyuma. Katika baadhi ya mimba, mishipa inayolipelekea kondo damu haipanuki inavyostahili tangu miezi ya mwanzo, na kondo lililopungukiwa damu humwaga kwenye mzunguko wa mama kemikali zinazodhuru kuta za mishipa yake. Presha hupanda, figo huvujisha protini kwenye mkojo, na ini na ubongo navyo huweza kuathirika. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, ikiambatana na protini hiyo au na dalili za viungo kudhurika, ndiyo hali inayoweza kuishia kwenye degedege.

Kondo likitoka, chanzo kimeondoka, lakini mishipa iliyodhurika haiponi siku hiyohiyo. Isitoshe, maji yaliyokuwa yamevimbisha miguu hurudi kwenye damu, na ndiyo maana presha mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati ambao mzazi aliyejifungua bila shida amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Degedege nyingi za baada ya kujifungua hutokea ndani ya saa 48, ila zinaweza kutokea hadi wiki ya 6, yaani katika arobaini yote.

Nyumbani huko mzazi anakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, na akilalamika kwamba kichwa kinamgonga, anaambiwa ni kukesha na mtoto. Anafungwa kanga kichwani na kupewa Panadol. Sina ugomvi na uji. Ninachoomba ni kwamba kichwa kinachouma sana na kisichotulia kwa dawa, macho yanayoona ukungu au vimulimuli, maumivu makali chini ya chembe cha moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, pamoja na kuishiwa pumzi, visisubiri asubuhi. Mzazi huyo apelekwe kituoni apimwe presha, hata kama kliniki zote alizohudhuria presha yake ilikuwa nzuri.

Degedege ikimkuta nyumbani, alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko mdomoni wala kunyweshwa chochote, na usafiri utafutwe wakati huohuo. Kituoni atapewa magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, ulioshirikisha wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha na protini kwenye mkojo, ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Sindano zake za makalioni zinauma, na dawa huleta joto kali mwilini, kiasi kwamba wapo wanaoomba isimamishwe mara mgonjwa anapozinduka. Hata hivyo huendelea kwa saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege ya mwisho, kutegemea lipi limetokea baadaye. Muuguzi anayegonga goti la mgonjwa kwa kinyundo, kuhesabu pumzi na kupima mkojo kabla ya kila dozi anahakikisha kwamba dawa haijazidi mwilini, kwa sababu ikizidi, goti huacha kuruka kwanza, na pumzi hufuata.

Kabla ya kuruhusiwa, mzazi aombe presha yake ya mwisho iandikwe kwenye kadi, na aliyekuwa na tatizo hili aulize ni siku gani arudi kupimwa ndani ya wiki ya kwanza. Kadi hiyo isitupwe. Atakapobeba mimba nyingine aipeleke kliniki mapema, kwani kwa mwanamke mwenye historia hii Shirika la Afya Duniani linapendekeza asipirini ya miligramu 75 kila siku, ianzwe kabla ya wiki ya 20 kwa maelekezo ya mtoa huduma, na anayekuja kliniki na mimba ya miezi sita huwa amekwisha kupitwa na nafasi hiyo.