Hadina ya Epoksi na Mikono Inayowasha: Maswali ya Mafundi wa Boti, Lamu

Hadina ni nini?
Ni dawa inayochanganywa na epoksi, yaani gundi ya kutengenezea boti, ili igande. Nyingi ni kemikali za jamii ya amini, kali kiasi cha kuunguza ngozi na kuharibu jicho.

Mikono huniwasha kila nikichanganya epoksi. Si mwili utazoea?
Hautazoea, ndugu yangu. Nimelisema hili Matondoni na Shela, na bado napokea mafundi waliovumilia malengelenge kwa miezi mizima, wakaja macho yamevimba hata hayafunguki. Kinga ya mwili ikishaikataa kemikali hii, huikumbuka kwa miaka mingi, mara nyingi maisha yote, na tangu hapo tone dogo, mvuke, au vumbi la kupiga msasa epoksi ambayo haijakauka vyema hutosha kuamsha upele upya.

Lakini kaka yangu ameifanya kazi hii miaka mingi bila glavu.
Wapo wasiodhurika, na wapo waliokaa miaka salama kisha ngozi ikakataa ghafla. Nasema tena: mwili hauzoei.

Naweza kunawa kwa tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) au petroli?
Tafadhali acha leo. Tina huondoa mafuta ya ngozi na kuifungulia hadina njia. Nawa kwa maji na sabuni, vaa glavu za nitrili (aina ya mpira usiopitisha kemikali kwa urahisi), uzibadilishe zikichafuka, na kikoi kikirukiwa kivue papo hapo.

Hadina ikinirukia jichoni?
Osha hapo hapo ulipo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo utafute chombo cha kukupeleka hospitali, hata kama maumivu yametulia. Usitie maziwa ya mama, wala usingoje kazi iishe.

Nije lini kutibiwa?
Upele ukirudi kila ushikapo kazi na kutulia ukipumzika, njoo wiki hiyo hiyo. Kifua kikibana au kikipiga mluzi unapopumua, njoo siku hiyo hiyo, kwani hiyo yaweza kuwa pumu ya kazini. Kununua mafuta ya kupaka dukani ili uendelee kushika hadina ni kuficha moto chini ya majivu, nami nimechoka kuona watu wakifanya hivyo. Ukija, leta picha ya maandishi yaliyo kwenye kopo la hadina, ili tujue ni kemikali gani iliyokugusa.